Mlango Usio na Bawabu

Jumatatu ya Pasaka, mwaka 2023, mpwa wangu alifika nyumbani kwangu na mkoba begani na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Yeye ni binti wa marehemu dada yangu, na ni mhadhiri msaidizi wa sayansi ya siasa katika chuo kikuu kimojawapo cha hapa nchini. Aliniamkia, "Shikamoo Mjomba," nikaitikia, na kabla hata ya chai kuletwa akafungua kompyuta yake na kunionyesha barua aliyoipokea siku tatu nyuma.

Barua ilitoka kwa jarida ambalo hakuwa amepata kulisikia. Lilijiita la kimataifa. Lilimwita "Profesa mheshimiwa sana", cheo ambacho hana. Lilisifu "utafiti wake wenye thamani kubwa" bila kutaja unahusu nini, kisha likamwahidi kwamba makala yoyote atakayoileta itapitiwa na wataalamu na kuchapishwa katika muda wa siku 5. Gharama yake dola 150.

Nilicheka. Nikamwambia ambayo mwalimu yeyote wa rika langu angeyasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza, futa barua hiyo, mama, tunywe chai. Yeye hakucheka. Alisema, "Mjomba, wenzangu wawili wameshalipa. Mmoja amepandishwa cheo mwezi uliopita. Wanaotupima hawasomi, wanahesabu."

Neno hilo lilinikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Niliona kwamba nimemjibu kwa methali, na kwamba methali haikulipa karo ya watoto wake wala haikumwongezea mkataba uliokuwa ukingoni kwisha.

Ndugu msomaji ambaye hukupata kushughulika na mambo haya, nikueleze kwa ufupi. Katika ulimwengu wa vyuo vikuu, utafiti huhesabiwa kuwa upo pale tu unapochapishwa katika jarida la taaluma. Mwandishi hupeleka makala yake kwa mhariri. Mhariri akiona inafaa, huwapelekea watu wawili au watatu wanaoujua uwanja ule, nao huisoma, mara nyingi bila kujua jina la mwandishi, na mwandishi naye hajui majina yao. Hao ndio wahakiki. Hawalipwi, au hulipwa kwa nadra sana. Huandika palipo na kasoro, na hushauri makala ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe. Majarida ya elimu ni ya zamani, maana lile la Royal Society ya London lilianza mwaka 1665, lakini desturi ya kupeleka kila makala kwa wahakiki wa nje ilienea hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20. Msingi wake ni jambo ambalo wazee wetu walilijua bila chuo kikuu: nyani haoni kundule.

Sasa, mpwa wangu alikuwa na utafiti wa kweli. Alikaa miezi 14 akizunguka katika vijiji 6 vya wilaya moja, akichunguza kama mapato na matumizi ya kijiji husomwa kweli mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na nini hutokea mahali yasiposomwa. Mambo haya yana majina ya wenyeviti ndani yake, na fedha za zahanati, na visima. Mtu akiyasema kizembe, yupo atakayedhulumiwa.

Hoja yake aliitoa vizuri, nami sitaki kuidhoofisha ili nionekane mshindi. Alisema: utafiti wangu ni wa kweli. Dhahabu ni dhahabu hata ikiwekwa kwenye kapu la samaki. Nikiichapisha mahali pabaya, ukweli wake haupungui, watoto wangu wanasoma, na mkuu wa idara anapata namba yake ya kujaza kwenye fomu. Nani ameumia?

Siku ile sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni jibu bovu, nikalitoa kwa sauti ya mkuu wa chuo: basi peleka kwenye jarida lenye jina kubwa kabisa, huko hutapotea. Hapo ndipo aliponisomesha, nami nilikuwa nimesahau ladha ya kusomeshwa na mtu niliyemfundisha alfabeti.

Alinisimulia habari ya Third World Quarterly, jarida lililoanzishwa London mwaka 1979 ili kuwa uwanja wa fikra juu ya nchi zetu hizi. Mwezi Septemba 2017 jarida hilo, lenye heshima yake na mchapishaji mkubwa nyuma yake, lilichapisha makala ya Bruce Gilley, mwanasayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Portland State huko Marekani, iliyodai kwamba ukoloni kwa jumla ulikuwa na faida na kwamba yafaa urudishwe katika sehemu fulani za dunia. Wajumbe 15 kati ya 34 wa bodi ya wahariri walijiuzulu. Walilalamika kwamba makala ile ilikuwa imekwisha kukataliwa katika uhakiki lakini ikapitishwa. Mchapishaji akashikilia kwamba taratibu zilifuatwa. Mwishowe makala iliondolewa, wala si kwa hoja, ila kwa sababu mhariri alitishiwa maisha. Mimi niliyezaliwa chini ya bendera ya Mwingereza nina maneno yangu juu ya makala ile, lakini nasema pia kwamba kumtisha mhariri ni aibu, na kwamba waliotisha waliwanyima wenzao nafasi ya kuishinda kwa ushahidi. Tulibaki hatujui kwa hakika nani alisimama mlangoni siku ile na alisema nini.

Kisha akanipa habari ya pili, na hiyo ilinistaajabisha zaidi. Mwezi Desemba 2014, Science, jarida ambalo sidhani kama kuna lenye jina kubwa kuliko hilo nchini Marekani, lilichapisha utafiti wa Michael LaCour, mwanafunzi wa uzamivu wa siasa kule Los Angeles, na Donald Green, profesa wa Columbia mwenye sifa nyingi. Utafiti ulidai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni mwa mpiga kura wa California yaweza kubadili msimamo wake juu ya ndoa za jinsia moja, na mabadiliko hayo yakadumu kwa miezi mingi. Magazeti yalishangilia. Vijana wawili, David Broockman na Joshua Kalla, walitaka kufanya utafiti wa namna hiyo hiyo. Wakaona kwamba idadi ya watu wanaokubali kujibu maswali haifiki hata karibu na ile iliyotajwa. Wakaiuliza kampuni iliyosemekana kukusanya majibu. Kampuni ikasema haiijui kazi hiyo. Green, ambaye jina lake lilikuwa juu ya makala, aliposhindwa kuziona takwimu zenyewe, aliandika mwenyewe kuomba makala iondolewe, na mwezi Mei 2015 jarida likaiondoa mbele ya macho ya dunia nzima.

"Kwa hiyo, Mjomba," akasema, "jina kubwa nalo lina mlango wa nyuma."

Nilifikiri juu ya jambo hili kwa wiki kadhaa, na nimeona kwamba visa vile viwili havifanani hata kidogo. Katika kile cha pili jarida lilidanganywa, lakini kulikuwa na watu wenye uwezo wa kulikamata kosa, kulikuwa na mhariri wa kuandikiwa, na kulikuwa na profesa aliyekubali kufedheheka. Kosa lilidumu miezi mitano. Mimi kosa langu lilidumu miaka 11.

Mwaka 1986 nilikuwa makamu mkuu wa chuo cha ualimu. Chuo kilikuwa na jarida lake la kurasa 20 hivi, lililochapwa kwenye stensili na kurudufiwa kwa mashine ya mkono iliyowapaka wanachuo wino hadi viwikoni. Niliandika humo makala juu ya kuhamia vijijini kwa miaka ya 1973 hadi 1976. Nilieleza kijiji kimoja kisicho mbali na chuo chetu, ambapo, kwa maneno yangu mwenyewe, wananchi walihamia kwa hiari yao katika muda wa wiki moja baada ya kuelimishwa na mwalimu wao wa shule ya msingi. Nilipenda sana sentensi ile. Ilimtukuza mwalimu. Chanzo changu kilikuwa mwenyekiti mstaafu mmoja niliyekunywa naye kahawa jioni mbili. Mhariri wa jarida alikuwa mkufunzi aliyekuwa chini yangu, na ni mimi niliyekuwa nikimjazia fomu ya tathmini kila mwaka. Makala ilichapwa bila kuguswa hata mkato.

Mwaka 1997, nikiwa sasa mkuu wa chuo, nilikuwa nikisahihisha kazi za mradi za wanachuo wa mwaka wa pili. Katika kazi ya kijana mmoja mwerevu nikaikuta sentensi yangu, na mbele yake maneno haya: kama utafiti ulivyokwisha kuthibitisha. Nilijisikia fahari. Nilikuwa na daftari lile mkononi nilipoingia jikoni kuuliza habari za maharage, nikamwambia mpishi wetu, mama wa makamo aliyekuwa amefanya kazi pale tangu kabla yangu, kwamba kijana ameandika juu ya kijiji chao. Nikamsomea. Alinyamaza kidogo akikoroga sufuria. Kisha akasema, "Mwalimu, nyumba ya baba yangu ilichomwa moto. Tulilala chini ya mwembe siku tisa."

Kutoka meza yangu hadi jiko lile ni hatua 40. Nimepata kuzihesabu.

Ndipo, nikiikumbuka siku ile, nilipopata jibu la kumpa mpwa wangu, miezi miwili baada ya kuniuliza. Dhahabu ni dhahabu, ndiyo. Lakini aliyeichimba hawezi kujua peke yake kama ni dhahabu. Mimi nilidhani ninayo. Anayelipa dola 150 ili achapishwe kwa siku 5 hanunui nafasi ya kusomwa, ananunua kutokatazwa. Anamfukuza mtu pekee ambaye angeweza kumwambia kwa wakati, kabla ya madhara, kwamba nyumba ilichomwa. Na kuna anayeumia, naye ni msomaji. Yule kijana wangu wa mradi alikuwa mwaminifu kuliko mimi: alitaja chanzo chake. Aliamini kwamba kitu kilichochapwa na chuo kimepita mkononi mwa mtu. Imani hiyo ni amana. Mimi niliila bila kujua kwamba nakula.

Juu ya wale wasiosoma ila kuhesabu, nina neno fupi. Kipimo wanachokitegemea kilibuniwa na Eugene Garfield wa Philadelphia. Huchukuliwa mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimetajwa na wengine mwaka huu, zikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kilianza kama msaada wa kuchagua majarida, nacho kimewafaa sana wakutubi. Kumpimia mtu mmoja cheo kwa kipimo hicho ni kama kuchukua mzani wa magunia na kuweka juu yake punje moja ya mpunga. Kamati za vyuo zinajua hivyo. Zinaendelea kwa sababu kusoma kunachosha, na mimi niliyesahihisha madaftari kwa miaka zaidi ya 30 siwezi kujifanya sielewi uchovu huo.

Tulirudi kwenye ile barua. Nilimshauri afanye jambo la kizee: awaandikie watu waliotajwa kwenye bodi ya wahariri. Alichagua watatu. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu kwa hasira kwamba hakupata kuombwa wala kukubali, na kwamba ameandika mara mbili jina lake liondolewe. Wa tatu alijibiwa na idara yake: alifariki miaka minne nyuma.

Wapo waliolijaribu jambo hili kwa upana. Watafiti wa Poland walimbuni mwanamke msomi asiyekuwapo, wakamwita Anna O. Szust, kwa maana neno "oszust" kwa Kipoland ni tapeli. Wakampa wasifu wa mtu asiyewahi kuchapisha makala hata moja wala kuhariri chochote, kisha wakamwombea uhariri katika majarida 360. Matokeo yalitoka mwaka 2017: majarida 48 yalimkubali. Katika 120 yaliyokuwa kwenye orodha ya majarida yanayotiliwa shaka, ile iliyotungwa na mkutubi Jeffrey Beall wa Denver, 40 yalimkaribisha. Katika 120 ya orodha rasmi ya majarida ya kusomwa bure iliyoanzia Lund, Sweden, 8 yalimkaribisha. Katika 120 yenye kupimwa kwa kile kipimo cha Garfield, hakuna hata moja. Nalitaja hili kwa sababu mbili. Orodha husaidia, na anayezidharau ni mjinga. Wala malipo peke yake si dalili ya utapeli, kwa maana yapo majarida safi yanayotoza ada ili msomaji asome bure. Lakini hakuna orodha inayokuondolea wajibu wa kubisha hodi mwenyewe. Ile ya Beall, kwanza, aliiondoa mwenyewe Januari 2017, na aliyeitegemea peke yake aliamka asubuhi hana kitu.

Basi wapi apeleke? Hapa mpwa wangu na mimi tulibishana hadi usiku. Yeye alikuwa na majina matatu, mawili ya Ulaya na Marekani, na la tatu The African Review, lililoanzishwa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yale ya nje yangempa sifa zaidi kwenye fomu. Nilimuuliza swali moja tu kwa kila jina: wakikuletea mhakiki, yumkini ni nani? Anaweza kujua kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji huweza kuandikwa na mtendaji ofisini, mezani, peke yake, na mkutano usiwepo? Akasema mhakiki wa ng'ambo angemkamata kwenye nadharia na kwenye hesabu, ambako anakiri hana nguvu. Mhakiki wa karibu angemkamata kwenye muhtasari. Nikamwambia, chagua unakoogopa zaidi. Alininunia kidogo. Asubuhi akasema anaogopa zaidi wa karibu.

Sitasema alichagua lipi mwishowe, kwa maana makala yake yumo mwenyewe na siyo haki yangu. Nitasema tu kwamba barua ya wahakiki ilichukua miezi saba kufika, ilikuwa na kurasa nne, na mhakiki wa pili aliandika aya ndefu juu ya kijiji cha nne. Aliuliza: mbali na muhtasari wenye sahihi, una ushahidi gani kwamba watu walikutana? Mpwa wangu alirudi kule kwa basi. Alinipigia simu jioni kutoka kituoni, sauti yake ikiwa ndogo. "Mjomba, hawakukutana. Mwaka mzima hawakukutana hata mara moja. Na mimi niliwaandika miongoni mwa wanaokutana." Jedwali lake lilibadilika, na hoja yake ya sura nzima ikabadilika pamoja nalo. Mwaka huo hakupanda cheo. Mkataba wake uliongezwa kwa mwaka mmoja tu, na karo ya mtoto wa pili tukaichangia ukoo mzima. Wale wenzake wawili wako mbele yake kwa cheo hadi leo ninapoandika, na mmoja wao, haki isemwe, ni mwalimu mzuri.

Unaweza kuniuliza, na una haki: wewe Mzee, kitabu hiki unachotuuzia si umekichapa kwa fedha zako mwenyewe? Ni kweli. Nimelipa kiinua mgongo kilichobaki kwa mchapaji, naye amenichapia nilichompa. Sioni dhambi katika hilo. Mtu ana ruhusa ya kujenga mlango usio na bawabu nyumbani kwake. Asiloruhusiwa ni kuchora bawabu ukutani. Popote ulipoona katika kurasa hizi nimesema jambo kwa ukali, jua kwamba hakuna aliyenizuia, nawe unizuie.

Hata hivyo, kurasa hizi sikuziacha zipite hivi hivi. Mpwa wangu amezisoma na kufuta mengi. Na mwezi uliopita nilipanda daladala kwenda kumtafuta yule mama mpishi, ambaye sasa ni ajuza na macho yake hayaoni vizuri. Nilimkuta barazani. Nilimsomea ile sehemu inayomhusu, polepole, na nikamuuliza kama nimesema sawa. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema siku tisa ni sawa, mwembe ni sawa. Lakini haikuwa nyumba ya baba yake tu. Ya bibi yake, iliyokuwa nyuma ya ile, ilichomwa pia, pamoja na ghala la mtama, na mwaka 1997 hakunitajia kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu mwenye haraka.